RADA, JICHO LILINDALO NJIA ZA ANGANI
Mazungumzo kwa watu wa Lodwar na Kakuma



Ndege zipitazo katika anga ya Turkana ni za namna mbili. Ziko ndege kubwa zipitazo juu sana, ambazo sisi tulio chini huona mstari wake mweupe tu. Hizo hazishuki hapa. Lodwar kwao ni alama ya safari, kwa maana njia moja ya angani itokayo Nairobi kwenda kaskazini hupita juu ya mji huu. Tena ziko ndege ndogo, zile zishukazo Lodwar na Kakuma, zikileta dawa, barua, waganga na wageni, na kuwachukua wagonjwa ambao hawawezi kustahimili safari ya barabara. Tangu mwaka 1957, wakati Madaktari wa Ndege walipoanza kazi yao katika Afrika ya Mashariki, ndege imekuwa ndiyo machela ya watu wakaao mbali na hospitali kubwa.

Ndege hizo zote zatumia anga moja. Nchi kavu ina vijia, na dereva huona gari lijalo mbele yake. Huko juu hapana kijia kionekanacho wala mahali pa kusimama na kungoja. Basi ni kitu gani kizuiacho ndege mbili zisikutane mahali pamoja kwa saa moja? Wengi hujibu, "Ni rada." Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Leo nataka tujue rada ilivyoanza, inavyofanya kazi, na pia mahali ambapo haioni. Maana mahali ambapo rada haioni, usalama wa watu hushikwa na neno la kweli la mtu kwa mwenziwe.

KUONGOZA BILA KUONA

Kabla ya rada, mwongozaji wa ndege alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Alikuwa na saa, ramani, simu ya upepo, na vipande vya karatasi, kimoja kwa kila ndege. Rubani humwambia, "Nipo juu ya Lodwar, saa 4 na dakika 10, kimo changu futi 10,000, natazamia kufika Kakuma saa 4 na dakika 35." Mwongozaji huandika maneno hayo, kisha hupiga hesabu asije akamruhusu mwingine kupita njia ile ile, kwa kimo kile kile, kwa wakati ule ule. Kazi hii bado yafanywa mahali pengi duniani, wala si kazi ya kudharauliwa. Imeokoa watu wengi.

Lakini tazameni udhaifu wake. Kutoka Lodwar hadi Kakuma kwa njia ya angani ni kilomita zipatazo 100. Ndege ndogo iendayo kilomita 240 kwa saa yapaswa kufika kwa dakika 25. Ikipingwa na upepo wa kilomita 60 kwa saa, itachukua dakika 33. Ikisukumwa na upepo huo huo kutoka nyuma, itachukua dakika 20 tu. Na ninyi mwaujua upepo wa nchi yenu. Mwaka 1982 wataalamu wawili, Kinuthia na Asnani, waliandika habari za mkondo mkali wa upepo upitao katika bonde lililo kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya, usiokwenda juu sana, wenye nguvu hasa usiku na alfajiri. Basi mwongozaji asiyeona hawezi kuwa na hakika kamili ndege iko wapi. Kwa sababu hiyo humpasa kuacha nafasi kubwa mno kati ya ndege na ndege, pengine mwendo wa dakika 10. Kwa ndege kubwa iendayo kilomita 900 kwa saa, dakika 10 ni kilomita 150. Mahali penye rada nzuri, nafasi hiyo yaweza kupunguzwa hata kufikia kilomita 9 hivi.

Huenda mtu akauliza, "Je, rubani hana macho yake mwenyewe?" Anayo, lakini hayatoshi. Ndege mbili kubwa zikielekeana, kila moja ikienda kilomita 900 kwa saa, hukaribiana kilomita 30 kwa kila dakika. Nafasi iliyo kati ya Lodwar na Kakuma huliwa kwa muda wa dakika 3 na kidogo. Tarehe 30 Juni 1956, mchana, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon huko Marekani, mahali ambapo marubani walitegemea macho yao, na watu wote 128 waliokuwamo wakafa. Msiba huo uliwashtua Wamarekani. Mwaka 1958 wakaunda idara mpya ya kusimamia anga yao yote, na kazi ya kueneza rada ikatiwa nguvu.

MWANGWI WA REDIO

Sasa rada ni nini? Mchungaji akipiga ukelele mbele ya mlima, sauti humrudia. Huo ndio mwangwi. Akingoja sekunde 2 kabla ya kuusikia, mlima uko umbali wa mita 340 hivi, kwa kuwa sauti huenda mita 340 kwa sekunde moja, na hapa imekwenda na kurudi. Rada hufanya vivyo hivyo, ila ukelele wake ni wimbi la redio, na wimbi la redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Sauti, kama ingaliweza kusikika mbali hivyo, ingetoka Lodwar na kufika Kakuma baada ya dakika 5 hivi. Wimbi la redio lingekwenda Kakuma na kurudi Lodwar kwa muda ulio chini ya sehemu moja katika elfu ya sekunde.

Mtambo wa rada huzunguka polepole, kama mtu ageuzaye kichwa akitazama pande zote. Ule wa kiwanjani humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 4 au 5. Ule wa kutazama mbali huchukua sekunde zipatazo 12. Wimbi likipiga bati la ndege, sehemu ndogo hurudi. Kwa muda wa kwenda na kurudi, mtambo hujua umbali. Kwa upande ulioelekea, hujua ndege iko wapi. Ndipo nukta hutokea katika kioo mbele ya mwongozaji.

Maarifa haya hayakuzuka siku moja. Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha chombo cha kutambua meli kwa mwangwi wa redio, lakini watu wa wakati wake hawakukijali sana. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry katika Uingereza, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walithibitisha ya kuwa ndege irukayo yaweza kutambuliwa kwa mawimbi ya redio. Vita vilikuwa vikikaribia, na minara ikajengwa upesi pwani ya Uingereza. Mwaka 1940, katika chuo kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot walitengeneza chombo kitoacho mawimbi mafupi yenye nguvu nyingi, hata rada ikaweza kuona vitu vidogo kwa uangavu zaidi.

Vita vilipokwisha, chombo kilichobuniwa kwa kuwinda ndege kikageuzwa kuwa cha kuzilinda. Mwaka 1946 mnara wa kuongozea ndege za raia wenye rada ulijaribiwa Indianapolis, Marekani. Kisha mwaka 1948 na 1949, mji wa Berlin ulipofungiwa njia zake za nchi kavu, ndege zililetea watu wake chakula na makaa, zikifuatana kwa dakika chache tu hata katika ukungu. Waongozaji, wakitazama rada, waliwashusha marubani kwa maneno ya simu ya upepo, hatua kwa hatua, hadi kiwanjani.

NDEGE IULIZWAYO NA KUJIBU

Hata hivyo, rada ya mwangwi ina upungufu mkubwa. Yaonyesha nukta, lakini haisemi nukta hiyo ni nani, wala haimwambii mwongozaji kimo chake. Tena huona mvua na makundi ya ndege wa porini. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Charkhi Dadri katika India, ndege ya Saudi Arabia ilikuwa ikipanda kutoka Delhi, na ndege ya Kazakhstan ilikuwa ikishuka kwenda huko huko. Ile ya kushuka iliamriwa kukaa futi 15,000, na ile ya kupanda futi 14,000. Ile ya kushuka ikapita chini ya kimo chake. Rada ya Delhi wakati ule ilionyesha mahali tu bila kimo, na mwongozaji hakuweza kuona kosa hilo. Watu wote 349 walikufa. Mpaka leo haujatokea mgongano wa ndege angani uliochukua roho nyingi kuliko huo.

Dawa ya upungufu huo ni rada ya namna ya pili, nayo pia ilizaliwa vitani, wakati askari walipotaka kutambua ndege ya rafiki na ya adui. Rada hii haingoji mwangwi. Huuliza, na ndani ya ndege kimo chombo kiitwacho transponda ambacho hujibu. Swali huenda kwa masafa ya megahezi 1030, na jibu hurudi kwa megahezi 1090. Mwongozaji humpa rubani namba ya tarakimu 4, kila tarakimu ikiwa kati ya 0 na 7, na namba hizo zote ni 4,096. Transponda hutaja namba hiyo pamoja na kimo. Ziko namba 3 ambazo kila mwongozaji duniani azijua: 7700 maana yake nina hatari, 7600 simu yangu ya upepo imekufa, na 7500 nimetekwa nyara.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini anayeuliza yamtegemea anayejibu. Transponda ikiharibika au ikizimwa, rada ya kuuliza haioni kitu. Kwa hiyo viwanja vikubwa huweka rada za namna zote mbili pamoja, ya mwangwi na ya kuuliza.

KWA NINI TURKANA NI VIGUMU KUONEKANA

Sasa tuje kwetu. Mawimbi ya rada huenda karibu kama mwanga, yaani kwa mstari ulionyoka, na dunia ni mviringo. Katika nchi tambarare, ndege iliyo kimo cha mita 11,000 yaweza kuonekana umbali wa kilomita 430 hivi. Lakini ndege iliyo mita 300 tu juu ya nchi hutoweka baada ya kilomita 70. Mlima ukisimama katikati, hutoweka mapema zaidi.

Kutoka Nairobi hadi Lodwar, kwa mstari wa angani, ni kilomita zipatazo 500. Rada kubwa za njia za mbali huona hadi kilomita 460 hivi. Kwa hiyo mtambo uliopo Nairobi peke yake hauwezi kutazama hapa. Huhitajika mwingine uliowekwa karibu zaidi, kama vile ukingoni mwa nyanda za juu. Hata hapo utaona ndege kubwa za juu, lakini ndege ndogo ishukayo Kakuma itazama nyuma ya vilima na nyuma ya mgongo wa dunia. Ndege ile ile imchukuayo mama mwenye uchungu wa uzazi ndiyo iliyo ngumu kuonekana.

Wala msidhani ya kuwa anga hii ilikuwa tupu siku zote. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianza kazi kubwa ya kuwapelekea chakula watu wa Sudan ya Kusini waliokuwa vitani, na Lokichoggio, kaskazini-magharibi ya Kakuma, pakawa kituo chake kikuu. Katika miaka ya 1990 kiwanja kile kilikuwa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi katika Kenya. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa, na safari za ndege za huku zikaongezeka. Mapatano ya amani yalipotiwa sahihi mwezi wa Januari 2005, kazi nyingi zilihamia Juba, lakini njia za angani kati ya Kenya na kaskazini hazikukauka.

Katika sehemu nyingi za Afrika ambako rada haifiki na hata simu ya upepo husikika kwa shida, marubani wamejiwekea desturi njema. Kila mmoja hutangaza kwa masafa ya megahezi 126.9 jina lake, mahali alipo, kimo chake na aendako, ili wenziwe wote wasikie. Ndivyo wafanyavyo wachungaji wanaopita usiku katika kichaka kimoja. Kila mmoja hupaza sauti mwenziwe asije akamdhania adui. Usalama hapo ni sauti ya mtu na masikio ya mwingine.

GHARAMA YA JICHO

Huenda mtu akasema, "Basi Serikali na iweke rada katika Lodwar, na nyingine Kakuma." Ni vema tujue gharama yake. Rada yataka fedha nyingi, umeme usiokatika, vipuri, na mafundi waliosoma. Jirani zetu wa Tanzania walinunua rada kwa ajili ya Dar es Salaam kwa paundi za Kiingereza milioni 28, na bei hiyo ikazusha mabishano makubwa kwao na katika bunge la Uingereza. Mwaka 2010 kampuni iliyoiuza, BAE Systems, ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza ya kuwa haikuweka hesabu zake sawasawa, na ikakubali kutoa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule. Fundisho lake ni jepesi: chombo cha kuokoa maisha chanunuliwa kwa mali ya wananchi, na wananchi wana haki ya kuuliza bei yake.

Kwa bahati njema imetokea njia iliyo rahisi zaidi. Ndege za siku hizi hujua mahali zilipo kwa kusikiliza satelaiti. Chombo kilichomo ndani huchukua habari hiyo na kuitangaza chenyewe, kama mara moja kwa kila sekunde: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, kimo changu ni hiki. Hapana haja ya mtambo mkubwa uzungukao. Chini hutosha kipokezi kidogo juu ya mlingoti au kilima, chenye kutumia umeme kidogo. Australia, nchi yenye jangwa pana kuliko letu, ilimaliza kueneza vipokezi hivyo kwa anga yake ya juu mwaka 2009. Na tangu mwezi wa Aprili 2019, satelaiti zenyewe zimekuwa zikisikiliza matangazo ya ndege juu ya bahari ya Atlantiki ya Kaskazini, mahali ambapo hapawezi kujengwa mnara.

Kwa nchi kama Turkana njia hii yafaa sana. Lakini tazameni vema jinsi mambo yalivyogeuka. Rada ya kwanza haikuhitaji ruhusa ya mtu. Ilipiga kelele na kusikia mwangwi. Ya pili yauliza na kungoja jibu. Hii ya tatu hukaa kimya na kusikiliza kile ambacho ndege yajisemea. Kila hatua imetupa macho ya mbali zaidi kwa bei ndogo zaidi, na kila hatua imetufanya tutegemee zaidi ukweli wa yule anayetazamwa. Ndege isiyo na chombo haitangazi. Chombo kilichoharibika hutangaza uongo. Na watu wabaya waweza kuvuruga sauti za satelaiti, hata ndege ikajidhania iko mahali isipokuwapo. Kwa hiyo mataifa yenye busara hayakuzing'oa rada zote za zamani.

Wala macho ya mitambo hayamwondolei mtu wajibu wake. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria iliyotoka Wilson, Nairobi, kwenda Diani iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya mbuga ya wanyama. Ile kubwa ilirudi salama na watu wake wote 44, lakini wawili waliokuwa katika ile ndogo walikufa. Jambo hilo halikutokea jangwani. Lilitokea karibu na mji mkuu.

YATUPASAYO SISI

Basi sisi tulio chini tuna sehemu yetu. Kwanza, kiwanja cha ndege si malisho. Hapana rada imwambiayo rubani ya kuwa mbuzi wamelala njiani. Jicho hilo ni la mchungaji. Pili, mlingoti, waya au bamba la umeme wa jua lililo juu ya kilima laweza kuonekana kama kitu kisicho na mwenyewe. Mwenyewe yupo: ni mgonjwa aliye ndani ya ndege. Akiona mtu anaharibu vitu hivyo, kila mmoja na atoe habari kwa chifu. Tatu, vijana wenye kurusha vindege visivyo na rubani wajue ya kuwa vidude hivyo ni vidogo mno, na rada za viwanjani ni shida kuviona. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 yataka viandikishwe na virushwe kwa ruhusa. Asivirushe mtu karibu na kiwanja, hata akidhani hapana ndege ijayo.

Nne, nawaambia wazazi. Shule ya mambo ya ndege ya Afrika ya Mashariki, iliyoko Nairobi, ilianzishwa mwaka 1954, nayo hufundisha waongozaji na mafundi. Kazi ya mwongozaji haitaki nguvu za mwili. Yataka hesabu, Kiingereza kizuri, moyo mtulivu, na ulimi usiosema neno lisilo hakika. Mtoto wa kiume au wa kike aliyezoea kuhesabu mifugo jioni na kutambua upungufu wa mmoja kwa kutazama tu, ana mwanzo mwema wa kazi hiyo. Apewe shule.

Wazee wetu, watu wa Turkana wameishi miaka mingi katika nchi pana ambamo mtu hujulikana yuko wapi kwa habari zichukuliwazo na wasafiri. Mkutapo mgeni njiani, mwamwuliza atokako, aendako, na alichokiona, naye hujibu kwa kweli, kwa kuwa uongo katika jangwa huua. Waongozaji wa ndege hawana sheria nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mwenye swali na aulize.